Orijino ya mwaka gani?

Wasee, mimi na Anko hatukuongea wiki mbili, na sababu ni chuma cha kubebea mitungi ya maziwa.

Guka alikuwa na Land Rover ya jeshi la Uingereza, ile inaitwa Lightweight. Waliiunda ibebwe na helikopta ikining'inia, ndio maana milango na kioo cha mbele vinafunguka vyote vitoke. Cha kuchekesha ni kwamba ukiirudishia kila kitu, inakuwa nzito kuliko ya raia ya saizi hiyo. Hiyo jina sijui nani aliipitisha. Guka aliinunua kwa mnada ikiwa imechoka tayari, akabeba nayo maziwa Kinangop mpaka ikakataa kuwaka. Ikalala chini ya mti, kuku wakataga ndani.

Guka alipoaga, Anko akaamua kuirudisha vile ilitoka kiwandani. Kila kitu cha enzi yake. Taa zetu za mbele ziko katikati, kando ya grili, hazijahamia kwa madigadi. Hiyo inamaanisha ni ya zile za kwanza kabisa, za mwisho wa miaka ya 60. Anko karibu alie. Mimi siku ya kwanza nilikuja na spana za milimita, nati tatu zikaliwa. Hii gari ni ya inchi, bana.

Kabureta ya Zenith tuliitafuta Kirinyaga Road karibu mwezi, kwa sababu fundi wa Guka alikuwa ameweka ya Datsun. Bushi za springi nazo zilikuwa zimekatwa kutoka tairi kuukuu. Hizo tulitupa bila kubishana.

Lakini kuna siku nilikuwa chini yake nikikwangua matope, nikapata difu ya nyuma imepakwa rangi nyeupe. Nikadhani mtu alimwaga rangi. Kumbe ni mambo ya vita. Usiku jeshi linatembea taa kubwa zimezimwa, halafu kataa kadogo huko chini kanamulika hiyo nyeupe tu. Dereva wa nyuma anafuata hiyo. Nilikaa hapo chini nikiitazama kama dakika kumi. Hapo ndio nilimwelewa Anko.

Basi akachukua grainda akaelekea kwa kile chuma cha maziwa. Kimechomelewa kwa fremu, kimeziba mahali pa mabomba ya turubai. Nikasimama mbele yake.

"Hii si orijino," akasema.

"Orijino ya mwaka gani, Anko?"

Kwa sababu jeshi liliitumia miaka michache tu. Guka aliitumia zaidi ya ishirini. Mwanajeshi aliyeiendesha hatumjui hata jina, lakini huyo fundi aliyechomelea chuma, Guka alimtaja mpaka akafa. Nani aliamua kwamba historia ya hii gari iliisha siku Mwingereza alishuka? Karo ya Anko mwenyewe ilitoka kwa hiyo mitungi! Nikamwambia hivyo, na sauti ilipanda. Nilikosea hapo.

Akazima grainda. "Wewe uliona picha. Mimi nilikuwa napelekwa shule nimekaa katikati ya hiyo mitungi. Nilinuka maziwa mabichi hadi nikamaliza sekondari. Waliniita Jibini. Wacha nione gari ya baba yangu ikiwa safi mara moja."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Anataka kuipeleka Concours pale Ngong Racecourse, na majaji wa huko wanaangalia usafi na hali ya gari. Mitungi haiko kwa hesabu.

Jumamosi alinipigia simu kuuliza kama nitakuja tumalize breki. Nilienda. Tulifanya breki. Turubai mpya imefika pia, ya kipimo chake haswa, iko kwa kona bado imefungwa. Haiwezi kuingia mpaka chuma kitoke, na hakuna mtu amegusa grainda.