Kimya cha Pampu

Zamani kisima kirefu kilipokufa upande wa Lagdera, habari ilifika Garissa mjini ikiwa imepanda lori. Wazee walikaa kikao chini ya mti, wakachanga nauli, wakamchagua mwenye ulimi mzuri, naye akaabiri gari la mizigo juu ya magunia. Alipofika mbele ya meza ya afisa, siku kadhaa zilikuwa zimepita na mifugo imeanza kuanguka njiani. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa lile lile kila mara: pampu imekufa kweli, au dizeli ndiyo imeisha?

Nilikuwa fundi kijana miaka hiyo ya tisini, nikikaa nje kwenye benchi na sanduku la spana, nikingoja kuambiwa kama kuna safari. Sikumlaumu sana afisa. Mafuta yalikuwa haba, na kila kijiji kilijua kwamba aliyelia kwa sauti kubwa ndiye aliyepewa. Lakini namkumbuka mzee mmoja, ndevu zimetiwa hina, aliyechoka kuhojiwa akanigeukia mimi. "Fundi," akasema, "mimi naweza kudanganya. Ngamia hawezi. Twende ukawaangalie." Tulikwenda. Mota ilikuwa imeungua.

Kumbukumbu ya kisima ilikuwa daftari. Opereta aliandika saa injini ilizonguruma, lita za dizeli, na siku nyingine idadi ya mifugo iliyonyweshwa. Nimefungua madaftari mengi ya aina hiyo, nikajifunza kuyasoma kama mtu anavyosoma uso. Ukurasa wenye madoa ya grisi na namba zisizolingana ulikuwa wa kweli. Ukurasa safi, wino mmoja, saa nane kila siku mwezi mzima, ulikuwa umejazwa usiku mmoja kabla ya mkaguzi kufika. Mgao wa mafuta ulifuata saa zilizoandikwa, basi nani angeandika chache?

Palipokuwa na kituo cha polisi kulikuwa pia na redio koli, na ujumbe wa kisima ulipitishwa katikati ya habari za usalama, mfupi na mkavu. Kisha ikaja El Nino ya mwisho wa 1997. Barabara zilikatika, homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu, na kwa majuma mengi hatukujua kisima kipi kinafanya kazi na kipi kimezama kwenye matope.

Simu za mkononi zilipofika ziliondoa safari ya lori, ila hazikuondoa swali la afisa. Sasa simu kumi zililia asubuhi moja, zote zikisema hali ni mbaya. Sheria ya Maji ya 2002 ilikuwa imetambua vyama vya watumiaji maji, na 2013 kazi ya maji ikahamia serikali ya kaunti. Afisa akawa mwingine, meza nyingine. Waliosubiri benchini walikuwa wale wale.

Mwaka 2014 kampuni ya Africa Oil ilitangaza kwamba kisima chake cha Sala-1, katika Kitalu 9 cha bonde la Anza, kimegusa gesi. Kilikuwa kimechimbwa zaidi ya mita 3,000, na katika majaribio kilitoa kama futi za ujazo milioni 6 kwa siku. Huku kwetu watu walizungumzia utajiri. (Kisima cha pili, Sala-2, kiliwavunja moyo waliokichimba, na mazungumzo yakapoa.) Mimi kilichonishika ni maelezo ya kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi za rigi, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Aliniambia kisima cha gesi hakiachwi peke yake hata saa moja. Vipimo vinashushwa hadi chini vikasome shinikizo na joto, juu kuna kipimo cha mtiririko, na vyote vinaonekana kwenye kioo cha mtu aliyeketi mbali. Shinikizo likishuka haraka kuliko ilivyotarajiwa, wanajua kabla gesi haijapungua: pengine maji yanaingia, pengine mchanga unaziba. Nilimuuliza ni watu wangapi wanakunywa kutoka kisima hicho. Akacheka.

Si kwamba nilikionea kisima cha gesi wivu. Ila ni ajabu nchi hii hii iweze kujua pumzi ya mwamba ulio kilomita tatu chini, na isijue kama pampu iliyo mita 150 chini, inayonywesha tarafa nzima, iliwashwa leo asubuhi.

Vihisi vilikuja kwetu na mradi wa Kenya RAPID, ulioanza 2015 katika kaunti tano: Garissa, Wajir, Isiolo, Marsabit na Turkana, kwa fedha za Marekani na Uswisi pamoja na za wengine. Kihisi chenyewe, kijisanduku cha kampuni ya SweetSense, hakizami kisimani. Kinafungwa kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu, kinahisi kama umeme unapita, na kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu, au kwa setilaiti pale ambapo simu haishiki. Mjini, mtu anafungua kompyuta na kuona pampu ipi imenguruma na ipi iko kimya.

Baadhi ya maopereta walikichukia. Mmoja alikivika gunia, akidhani kina kamera. Wazee walikielewa upesi kuliko sisi mafundi. Baada ya muda mfupi nilimsikia mmoja akimwambia afisa, taratibu kabisa, "Usiniulize mimi, mwanangu. Uliza sanduku lenu." Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko setilaiti yenyewe. Mchungaji alikuwa amepata shahidi ambaye ofisi haikuweza kumwita mwongo.

Tatizo likawa kimya. Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na pampu zetu zilikuwa zikinguruma usiku na mchana. Mvua ziliponyesha, moja baada ya nyingine zikanyamaza. Vijana waliozoea kompyuta walishtuka, wakataka magari yatoke. Mafundi wa zamani hatukuinuka. Mvua ikinyesha, malambo yanajaa, laga, mito ya msimu, zinapitisha maji, majani yanaota, na wafugaji wanaondoka. Nani atalipia maji ya pampu, yenye chumvi kidogo, wakati ya Mungu yako chini bila malipo? Watafiti walipochanganua taarifa za visima vya kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, 2019 waliandika kwamba baada ya juma lisilo na mvua pampu hufanya kazi zaidi kwa asilimia 23 hivi kuliko baada ya juma lililopata mvua. Mama yeyote anayeswaga punda na mitungi angewaambia mwelekeo huo, ila asingewapa asilimia. Na asilimia ndiyo inayoingia kwenye bajeti: ukiijua, unajua mapema wapi mota zitachoka.

Lakini sanduku hilo linajua pampu, halijui maji. Bomba likipasuka juu, pampu itanguruma vizuri na birika litabaki kavu. Wala haliwezi kusema kina kimeshuka. Visima vyetu vingi vinakunywa kutoka Merti, hazina ya maji ya chini ya ardhi inayotoka upande wa Isiolo, ikapita Habaswein na Dadaab hadi Liboi na kuingia Somalia. Katikati maji ni matamu, pembeni ni ya chumvi. Tangu kambi za wakimbizi za Dadaab zifunguliwe 1991, hazina hiyo imenywesha mamia ya maelfu ya watu zaidi ya wenyeji, na hofu ya kwamba chumvi itavutwa ndani haijawahi kutoka katika mazungumzo ya mafundi. Kulijua hilo kunahitaji kupima kina, mwaka baada ya mwaka. Sehemu nyingi bado tunashusha utepe wenye betri unaolia ukigusa maji, kisha tunaandika namba. Kwenye daftari.

Mwaka 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, niliulizwa na vijana wa ofisini nani sasa atalipia setilaiti za miradi ya namna hii. Ni swali la haki, ila kwangu si la kwanza. Nimeona pampu ikiripotiwa kimya mchana ule ule iliponyamaza, halafu ikakaa majuma kwa sababu stoo haina waya wa urefu unaofaa. Ningepewa fedha, ningeanza na mota za akiba, waya, na gari zima la kuvutia mabomba. Zikibaki, ningeshusha vipimo vya kina visivyotoka tena ndani ya visima vichache vya pembezoni mwa Merti, kule ambako chumvi iko karibu, visome kila saa kama wanavyofanya wenye gesi.