Daftari la Usingizi

Mama mmoja wa Ndanda alimwita mwanawe mvivu. Kijana ana miaka 16, winga tegemeo, lakini kipindi cha pili miguu ilimwisha nguvu, hata kocha akataka kumwacha safari ya Newala.

Mjomba mtu akashauri: kabla ya kumgombeza, mpimeni usingizi. Wiki mbili mama akaandika kwenye daftari la korosho: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kakoroma? (Angekoroma sana, wangempeleka hospitali.)

Umri huo huhitaji saa 8 hadi 10. Yeye alipata 5. Simu aliizima saa sita usiku, kweli. Lakini aliyemwamsha saa kumi na moja alfajiri akachote maji ni mama mwenyewe.

“Nisamehe, baba,” alimwambia.

Sasa maji huchotwa jioni, simu hulala kwa mama. Newala alikwenda, ila alianzia benchi.