Mcheza Kwao Hutunzwa: Lahaja Mbele ya Waamuzi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma na taarabu za pwani, kutunza ni kumwinukia mchezaji au mwimbaji aliyekukuna moyo, ukampa fedha papo hapo, kadamnasi. Anayetunza hadaiwi sababu. Mwamuzi wa mashindano ni mtu wa namna nyingine: hukaa mezani na karatasi yenye safu, na kila alama anayoitoa au kuinyima sharti aweze kuitetea. Hapa nataka kuizungumzia safu moja tu ya karatasi hiyo, ile ya matamshi, kwa kuwa ndiyo niliyoiona ikiwadhulumu waghani kuliko nyingine zote.

Kushindana kwa kughani mashairi si jambo geni shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lina nafasi ya mashairi ya Kiswahili, na washiriki hupanda ngazi baada ya ngazi hadi ile ya kitaifa. Katika mashindano ya aina hii, waamuzi hupima mambo yanayofanana: uelewa wa shairi, sauti, mahadhi, ishara za uso na mikono, matamshi, na jinsi mghani anavyoiteka hadhira. Mengi kati ya hayo huachia nafasi ladha ya mwamuzi. Matamshi hudhaniwa kuwa hayana nafasi hiyo: neno limetamkwa sawa au limekosewa, basi. Dhana hiyo ndiyo yenye kasoro.

Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa waamuzi watatu katika mashindano ya shule. Msichana mmoja alipanda jukwaani akaghani beti za utendi wa kale kwa Kiamu kitupu. Alisema mato, nti, moya, ndia. Hakurusha mikono, aliziacha beti zitembee kwa mizani zake, na ukumbi ukatulia. Mwamuzi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alimkata alama nyingi za matamshi. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, mtoto mkubwa huyu hawezi kusema macho?" Nikamwambia, "Mwalimu, aliyetunga hakusema macho." Kanuni zilimpa kila mwamuzi uhuru wa karatasi yake, nami sikuwa na mamlaka juu ya karatasi ya mwenzangu. Msichana akawa wa pili, na nafasi ya kusonga mbele ilikuwa moja. Karatasi aliyopewa mwalimu wake ilikuwa na ushauri: mwanafunzi asahihishe Kiswahili chake.

Tuseme ameufuata ushauri huo. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya kwanza hushiriki kina, na cha nne hubeba kina cha bahari. Mtunzi wa Kiamu aweza kupatanisha moya na haya, au mato na moto. Mwambie mghani aseme moja na macho: mizani itasalimika, lakini kina kitavunjika. Atakuwa ameponya safu moja ya karatasi na kuijeruhi nyingine, na shairi lenyewe litakuwa limeharibiwa na aliyetumwa kulilinda.

Historia nayo ina la kusema. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858. Kiunguja kilikubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, miaka sabini baadaye. Usanifishaji ulilenga shule, vitabu na ofisi, na umetufaa sana. Lakini kumpima mghani wa utendi ule kwa kipimo cha sanifu ni kumtoza mtu kodi ya serikali ambayo haijaundwa.

Sisemi mwamuzi asikate alama. Shairi likiwa la Kiswahili sanifu, na mghani akasema mahari pa mahali, maana imepotea na alama zikatwe. Mghani wa utendi wa Kiamu akianza na mato akamalizia na macho, pia zikatwe, kwa kuwa hakuishika lahaja aliyoichagua. Mshairi akiwa Mmvita, mwamuzi mwenye sikio atataka hata kusikia tofauti ya paa la nyumba na paa mnyama, yule wa pili akitamkwa kwa pumzi, ingawa tahajia haiwatofautishi. Kipimo hiki ni kikali kuliko kile cha mwenzangu, maana kinamdai mwamuzi naye ajue.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mghani awasilishe mapema nakala ya shairi, pamoja na jina la mtunzi na lahaja yake, na waamuzi waisome kwa sauti kabla ya siku ya mashindano. Pili, lahaja hiyo ikiwa ngeni kwa waamuzi wote, aitwe mtu anayeijua aketi nao. Gharama yake ni karatasi ya ziada na kiti kimoja. Tusipoitoa, watoto wa Lamu, Pate na Siyu wataendelea kufundishwa, na watu wanaojiita walinzi wa Kiswahili, kwamba lugha ya tendi za bibi zao ni kosa la kusahihishwa.