Beni: Kinga ndizo za kwanza kuleta habari za njia

Kati ya Beni na Kasindi, mwendo wa kilomita 80 hivi, barabara ya kitaifa namba 4 inavuka mto Semuliki ndani ya pori la Hifadhi ya Virunga. Ng'ambo, vijia vya udongo na changarawe vinapanda kwenda Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori.

Watu wa kinga wanavijua vizuri: wapi mawe yanateleza, wapi kushuka na kusukuma, kijito gani kinajaa mvua ikinyesha mlimani. Asubuhi, mawingu yakifunguka, wanaona theluji ya Margherita, mita 5.109, nao bondeni jasho linawatoka.

Lakini kabla ya kufunga mzigo, wanaulizana nani ametoka kule leo. Kama hakuna kinga iliyotoka upande wa pili, wengi wanangoja.

Jioni kinga zikifika Beni, waliokimbia vita na kuacha kakao shambani wanasogea barabarani. Hawaulizi bei. Wanauliza kama njia inapitika, nani amevuna, na kama nyumba yao ingali imesimama.