Waraka Ulipopata Wenyewe

Kila Ijumaa, nikiwa hapa Mazingara, naandika waraka wa habari za shamba: mvua, bei, mbegu, wadudu. Nautuma kwa simu kwa watu waliojiandikisha, wengi wao wa Handeni na Korogwe, wengine watoto wa huku waliohamia Dar es Salaam. Ninachoshuhudia ni jinsi nilivyobadilika tangu wasomaji wangu walipoanza kuzungumza wao kwa wao.

Zamani nilitumia ile orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi. Anayeijua anajua tabia yake: inachukua watu 256 tu, ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, na akijibu, jibu linakuja kwako peke yako. Ijumaa jioni naziona tiki za buluu zikijipanga. Nimesomwa, basi. Huyu ananiuliza dawa ya viwavi, na yule ananiuliza hiyo hiyo, wala hawajui kwamba mashamba yao yanapakana. Nilikuwa nachoka, na nilianza kuwahesabu wasomaji kama namba badala ya watu.

Mwalimu mmoja wa Korogwe ndiye aliyeniambia, "Baba, shikamoo. Waraka tunausoma, lakini tukishaumaliza kila mtu anabaki nao kivyake. Tufungulie mahali tuzungumze." Nikafungua grupu.

Msimu wa masika, mama mmoja wa Kwamatuku alituma picha usiku, kaipiga kwa mwanga wa tochi: majani ya mhindi yametobolewa matundu kama yaliyokatwa kwa mkasi. Kabla sijavaa miwani, kijana wa Mombo alikwishamjibu. "Shikamoo mama. Funua moyo wa mhindi, utazame kama kuna uchafu kama unga wa mbao. Mkamate mdudu mwenyewe. Kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa? Karibu na mkia ana madoa manne yaliyokaa mraba?" Picha ya pili ikaja: kiganja, kiwavi juu yake, na madoa manne yanaonekana wazi. Ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia nchini mwaka 2017 na kututia hasara. Halafu mzee wa Kabuku, ambaye kuandika hakupendi, akatuma sauti: pita shambani alfajiri uwakamate kwa mkono, tia mchanga au majivu ndani ya moyo wa mhindi, na kama unapiga dawa ya dukani, piga jioni kiwavi anapotoka kula, si saa sita mchana amejificha. Wengine wakaongeza yao. Mama akashukuru, akaaga.

Mimi sikuwa nimeandika neno. Ijumaa ile waraka ulikuwa wa kwao, na vijiji vyao nilivitaja kimoja kimoja.

Tangu hapo sianzi kuandika kabla sijapitia mazungumzo ya wiki. Nasikiliza sauti zote, hata zile ndefu za wazee, kwa sababu humo ndimo mna mambo ambayo hakuna kipeperushi kilichowahi kuniambia. Machungwa nayo yamepata mtetezi. Dalali anapokuja kukadiria shamba matunda yakiwa bado mtini, mkulima anauliza kwenye grupu, na kijana wetu wa soko la Mabibo anamwambia yanauzwaje huko leo. Bei haipandi kwa muujiza, ila mkulima anazungumza na dalali akiwa na habari mkononi. Lumbesa tunaijadili kila mavuno, na kwa hasira, maana gunia linaloshonewa kilemba ni jasho la mtu linaloondoka bure.

Kwa watu wa Tanga, wasomaji kuzungumza wao kwa wao si jambo geni. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga mjini enzi za Wajerumani, lilipokea barua za walimu na makarani kutoka mbali. Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi wasiowahi kuonana waliulizana na kujibizana humo. Na sisi wa umri wangu tunazikumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania. Watu walijuana kwa majina yanayosomwa redioni, wakaunda vyama, wakatembeleana, wakazikana. Msomaji wetu mmoja wa Mkata alipofiwa na mumewe, niliyaona hayo tena: michango ya rambirambi ilitoka kwa watu wasiomjua sura, na wa Korogwe wakapanda basi kupitia Segera, wakafika msibani.

Masharti tunayo. Grupu linafunguliwa baada ya magharibi na kufungwa saa nne usiku, kwa sababu mchana watu wako shamba na bando ni pesa. Ujumbe wa kusambazwa kutoka magrupu mengine hauingii.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mzee wa Chogo. Chogo ni makazi ya huku Handeni wanakoishi Wazigua waliokimbia vita vya Somalia vilivyopamba moto mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa kutoka nchi hii karne ya 19, wakapelekwa huko Somalia. Alituma sauti kwa Kizigua, akieleza walivyokuwa wakipanda kandokando ya Mto Juba, maji ya mafuriko yanapopungua na kuacha tope. Wazigua wa hapa wakamjibu kwa Kizigua. Wasambaa wakafuata bila kutafsiriwa sana, maana lugha hizi ni ndugu. Mazungumzo yakaendelea hadi nikapitisha saa ya kufunga, wala sikujali. Kesho yake aliomba tumwingize jamaa yake aliyeko Marekani, mmoja wa wakimbizi wenzake waliopelekwa huko kuanzia mwaka 2003. Tukamwingiza. Sisi tunapoanza kuzungumza usiku, kwake ni mchana, na huwa anatusalimu akiwa kwenye mapumziko ya kazi.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama mbegu ya mtama wa zamani bado inapatikana huku. Waliojibu mpaka sasa ni wawili, wa Sindeni na wa Misima, na wanabishana kuhusu rangi ya punje. Nimewaomba picha. Waraka wa Ijumaa hii unaanzia hapo.