Paka Asilale Kitandani, Jirani Asisingiziwe

Hapa Nyahanga, mjini Kahama, ni nadra kuikuta nyumba isiyo na mnyama. Paka analinda magunia ya mpunga yasiliwe na panya, mbwa analinda mlango, na kuku huingizwa jikoni jioni kwa hofu ya wezi. Wanyama hawa ni msaada kwetu. Lakini kwa mtoto mwenye pumu, mnyama huyo huyo anaweza kuwa chanzo cha usiku wa mateso.

Sisi tulio wauguzi, ambao baada ya kazi tunawatembelea wagonjwa pamoja na akina mama wenzetu wa kanisani, tumeyaona hayo kwa macho yetu. Mtoto anashinda vizuri, anacheza na wenzake. Ikifika saa nane usiku anaanza kukohoa, kifua kinatoa mlio kama filimbi, anakaa kitako akitafuta hewa. Asubuhi ana nafuu. Kwa kuwa shida inakuja usiku, watu huanza kunong'ona kwamba mtoto anakabwa.

Katika nyumba moja tuliyoitembelea, paka alikuwa zawadi ya bibi jirani, tena bibi mwenye macho mekundu. "Dada, huyu paka katumwa," tuliambiwa kwa sauti ya chini. Tulishtuka, maana sote tunajua yaliyotokea Usukumani: wazee wanawake wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mnong'ono wa namna hiyo ukiachwa ukue, huweza kuishia kwenye panga. Tukaomba kuonyeshwa mahali anapolala mtoto. Paka alikuwa amejikunja juu ya mto.

Kinachomsumbua mtoto

Paka hujilamba mwili mzima kila siku. Mate yake hukauka juu ya manyoya, kisha pamoja na vijimagamba vya ngozi hupeperuka vikiwa vidogo kuliko vumbi tunaloliona. Huelea hewani kwa saa nyingi, hunasa kwenye godoro, mapazia, vitambaa vya makochi na nguo. Mbwa naye ana vya kwake. Mtu mwenye mzio, yaani mwili wake haupatani na vitu hivyo, akivivuta, njia zake za hewa huvimba na kubana. Pumu nayo kwa kawaida huzidi usiku. Basi ukimlaza mtoto huyo na paka, umekutanisha mambo mawili.

Wengine husema, "Mtupe paka." Ikiwa pumu ni kali na imethibitika kwamba paka ndiye sababu, ni kweli heri apewe makao mengine. Hata hivyo masalia yake huweza kubaki nyumbani kwa miezi kadhaa, hivyo usafi hauepukiki. Tena paka akiondoka, panya watarudi kwenye mpunga, na mkojo wa panya nao huamsha pumu, kama wafanyavyo mende.

La kufanya nyumbani

Anza na chumba cha kulala. Mnyama asiingie humo, mchana wala usiku. Paka alale ghalani, kuku wajengewe banda lenye kufuli, mbwa awe na kibanda chake uani.

Usifagie kwa fagio kavu wakati mtoto yumo ndani. Nyunyiza maji kwanza, au piga deki, na ufute meza, madirisha na kuta kwa tambara bichi. Mtoto akae nje mpaka vumbi litulie. Shuka, foronya na blanketi zifuliwe kila juma kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Godoro na mto wa pamba vivalishwe nailoni chini ya shuka. Zulia chumbani halina faida. Sakafu tupu inasafishika.

Mnyama achanwe manyoya nje ya nyumba, na mtu asiye na pumu, aliyejifunga kitambaa puani. Mbwa aogeshwe kwa sabuni mara mbili kwa juma, kwa kuwa faida ya kuogesha hudumu siku chache tu. Paka mfute kwa kitambaa chenye maji. Angalia sana: dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake paka, baadhi yake humuua. Baada ya kumshika mnyama, watoto wanawe mikono kabla ya kugusa macho na pua.

Usafi hauchukui nafasi ya dawa. Mtoto akipewa dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, aitumie kila siku kama alivyoelekezwa, hata akiwa mzima. Tena si kila kikohozi ni pumu. Kuna kifua kikuu na nimonia, kwa hiyo apimwe. Akishindwa kusema au kunyonya, mbavu zikiingia ndani anapopumua, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Katika nyumba ile, paka alihamia ghalani na godoro likavalishwa nailoni. Mtoto hakupona pumu, bado anatumia dawa, lakini usiku mwingi sasa analala mpaka asubuhi. Na yule bibi bado anakuja kuomba moto wa kuwashia jiko lake, naye anapewa.

Mithali 12:10 inatufundisha kuujali uhai wa mnyama. Tuwatunze wanyama wetu, tuwatengee mahali pao. Na usiku mtoto anapotafuta hewa, mama mpendwa, chukua taa ukatazame kitanda chake kabla hujautazama mlango wa jirani.