Yakini na Kubahatisha katika Sudoku

Akina mama wa darsa yetu ya hapa Bondeni walituuliza, wakati wa kutawanyika, swali ambalo hatukulitarajia: katika sudoku iliyo ngumu, pale dalili zinapokwisha, je, inafaa kubahatisha? Waliuliza kwa kicheko, wakidhani tutawaambia waache upuuzi. Nasi tu miongoni mwa wapenzi wa mchezo huu, na mwenye kupita barazani baada ya alasiri hutuona na gazeti limekunjwa juu ya goti. Jawabu lilihitaji nafasi zaidi kuliko ile ya kuvaa viatu mlangoni, ndipo tukaona tuliandike.

Kwa asiyeijua, sudoku ni jedwali la vyumba 81, safu tisa za kulala na tisa za kusimama, lililogawanywa katika miraba midogo tisa. Kila safu na kila mraba mdogo hutakiwa kuwa na tarakimu 1 mpaka 9, bila ya moja kukariri. Chache hutolewa mwanzoni, zilizobaki huzitafuta wewe. Wako wanaouhofu mchezo huu kwa kuufananisha na zile khatimu za tarakimu zinazoandikwa kwenye hirizi, ambazo kila upande ukijumlishwa hutoa 15. Hakuna udugu hapo. Katika sudoku hakijumlishwi kitu. Sisi tuliwahi kuziondoa tarakimu zote tukaweka herufi za abjadi, kuanzia alifu mpaka twaa, na jedwali likafumbuka vilevile. Huu si mchezo wa hesabu, ni wa mantiki.

Wala asili yake si Japani, ijapokuwa jina ni la huko. Aliyeutunga ni Mmarekani, Howard Garns, msanifu majengo mstaafu, ukachapishwa mwaka 1979. Wajapani wa kampuni ya Nikoli waliuchukua mwaka 1984. Aliyeueneza duniani ni Wayne Gould, hakimu mstaafu wa Hong Kong, alipoufikisha kwenye gazeti la The Times la London mwezi wa Novemba 2004. Kwetu sisi inapendeza kwamba mtu huyo alikuwa hakimu, kwani kazi yenyewe ni ya mahakamani: usitamke hukumu ambayo huna ushahidi wake.

Uzuri wake hauko katika vyumba vyepesi. Uko pale ambapo hujui, na kule kutojua kwenyewe kukakufundisha kitu. Chukua safu ambayo vyumba viwili havikubali ila 2 au 7. Hujui 2 itakaa wapi wala 7 itakaa wapi, lakini unajua kwa yakini kwamba chumba cha tatu katika safu hiyo hakitapata 2 wala 7. Ni kama mabinti wawili waliopewa vitanda viwili vya ghorofani: hujui nani kalala upande wa dirisha, ila mgeni akibisha usiku unajua kwamba huko juu hapana nafasi.

Binti yetu wa pili hana subira ya namna hiyo. Akifika mahali pamebaki tarakimu mbili, huchagua moja kwa kalamu ya wino na kuendelea. "Baba, ni nusu kwa nusu," hutuambia. Mama yake hutumia penseli, na huweza kuliacha jedwali juu ya friji siku tatu mpaka aione dalili.

Hatumlaumu binti. Kizazi chake kimelelewa na mtihani wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wenye majibu manne ya kuchagua, A mpaka D, na jibu la makosa halikupunguza alama. Katika mtihani wa aina hiyo kuacha wazi ni hasara tupu, na walimu hawakukosea kuwaambia watoto wachague lolote. Sudoku haina hukumu hiyo. Tarakimu ya kubahatisha haitulii chumbani mwake; huwaamuru majirani, nao wakawaamuru wengine, na baada ya vyumba kumi hujui tena kipi umekijua na kipi umekizua. Kosa nalo halionekani pale lilipotendeka. Hujitokeza mbali, karibu na mwisho, zinapokutana 5 mbili katika safu moja. Hapo binti hulichana gazeti, pamoja na yale yote aliyokuwa ameyapata kwa haki.

Lakini liko jambo linalofanana na kubahatisha kwa sura, nalo si lile. Waliosoma mantiki wanaijua burhani ya khulfu, yaani kulithibitisha jambo kwa kukibatilisha kinyume chake. Chumba kinakubali 3 au 7. Ikadirie 3 kwa penseli, uifuate. Ikikufikisha kwenye muhali, yaani jambo lisilowezekana, basi 7 ni yakini, iandike kwa wino. Mbahatishaji huomba apatie. Mkadiriaji hufurahi akikwama, kwa kuwa huko kukwama ndiko ushahidi wake. Kompyuta nazo hufumbua hivi, hukadiria na kurudi nyuma mara maelfu, kwa sababu hazisahau zilianzia wapi kukadiria. Sisi wanadamu husahau, ndiyo maana ya penseli.

Na ikiwa 3 itakupeleka salama mpaka mwisho? Jedwali limejaa, ila hukuibatilisha 7. Umetegemea uaminifu wa mtungaji kwamba jawabu ni moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba jedwali lililotolewa tarakimu chini ya 17 haliwezi kamwe kuwa na jawabu moja, kwa hivyo hata mtungaji ana mpaka wake.

Basi jawabu la akina mama ni hili: kubahatisha, hapana; kukadiria, naam, na aula zaidi ni kukadiria pande zote mbili. Fuata 3 uone inafika wapi, kisha ufuate 7. Zote mbili zikikilazimisha chumba fulani cha mbali kiwe 9, hiyo 9 ni ya wino, ijapokuwa 3 na 7 bado hazijajulikana.

Njia hii tuliijua kabla ya kuijua sudoku, kutokana na elimu ya mirathi. Miaka iliyopita tuliletewa mali ya kijana aliyefariki akaacha mke mjamzito na ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja. Wazazi walikuwa wametangulia, na mtoto mwingine hakuna. Mali ilikuwa duka na akiba kidogo. Ndugu alitaka igawanywe wiki ileile. "Sheikh, wazee wetu wamelitazama tumbo, ni mtoto wa kike. Gawanyeni kwa hisabu hiyo."

Akiwa wa kike, mtoto hupata nusu, mjane thumni, na ndugu thumni tatu. Akiwa wa kiume, ndugu hapati kitu. Akizaliwa maiti, mjane hupata robo na ndugu robo tatu. Wakiwa pacha, hisabu hugeuka tena. Katika milango yote hiyo, lililo thabiti ni moja: mjane hapungukiwi thumni. Tukampa thumni yake, naye alikuwa na haja nayo kubwa, yuko edani na hana pa kutoka. Ndugu hatukumpa kitu. Kilichobaki kikawekwa kwa mwaminifu mpaka mimba izaliwe. Alikasirika, akasema tunamfungia haki yake kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajaja duniani. Lau tungempa naye azaliwe mvulana, nani angemnyang'anya ami kilichokwisha liwa, amrudishie yatima?

Miezi minne baadaye akazaliwa binti, mzima. Hisabu ilitoka katika nane: nne za mtoto, moja ambayo mama yake alikwisha ipata, tatu za ami. Alikuja kuzichukua akiwa na tabasamu.

"Si nilisema, Sheikh?"

Tukamwambia naam, ulisema, tukamhesabia tatu zake mbele ya mashahidi wawili.